Hadithi tatu za askari vijana: ipi uifundishie taashira?

Mwalimu anayetaka kufundisha taashira, yaani kitu ndani ya hadithi kinachobeba maana zaidi ya kile kinachoonekana, kwa hadithi fupi ya vita hakosi pa kuanzia. Kazi iko kwenye kuchagua. Hapa Pemba, kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na kwa kikundi chetu cha usomaji cha Chake Chake, hadithi tatu ndizo zinazogombaniwa kila tunapopanga: The Sniper ya Liam O'Flaherty, Guests of the Nation ya Frank O'Connor, na The Things They Carried ya Tim O'Brien. Mbili za kwanza zimetoka Ayalandi, ya tatu imeandikwa na Mmarekani aliyepelekwa Vietnam. Zote tunazisoma kwa Kiingereza na kuzijadili kwa Kiswahili, kwa hiyo tumezoea kuziita Mdunguaji, Wageni wa Taifa na Mizigo Waliyobeba, na ndivyo nitakavyoziita.

Nasema mapema ninakoegemea. Kama nafasi ni ya hadithi moja tu na una wiki nzima, chukua Mizigo Waliyobeba. Kama una kipindi kimoja, chukua Mdunguaji. Kama unasoma na watu wazima, barazani au nyumbani, acha hizo mbili uchukue Wageni wa Taifa. Sababu zake zinahitaji maelezo, na katika kuzieleza nitafichua miisho ya hadithi zote tatu, kwani bila mwisho hakuna cha kulinganisha.

Wanafunzi wetu wanakuja na nini

Watoto wetu hawaji darasani mikono mitupu. Wamekulia kwenye taarab, ambako mtu humtuza mwimbaji kwa ubeti mmoja na ukumbi mzima ukajua ubeti ule umepelekwa kwa nani. Wamemwona mama dukani akisoma jina la kanga kabla hajatazama rangi. Ukiwaambia kuwa kitu fulani ndani ya hadithi kinabeba maana nyingine, huna haja ya kurudia. Hapo tuko mbele ya madarasa mengi ya dunia.

Lakini ujuzi huohuo ndio unaowakwaza. Fumbo lina aliyefumbiwa, na lina jibu. Likishafumbuliwa, maneno yenyewe yamekwisha kazi. Mwanafunzi aliyezoea hivyo akikutana na kofia ndani ya hadithi ya vita, hakai na kofia hata kidogo. Anaruka moja kwa moja kwenye jibu. Matokeo yake tunayasahihisha kila mtihani: damu inaashiria mauaji, usiku unaashiria shida, mvua inaashiria baraka. Anaandika hivyo hata pale ambapo mvua ya hadithi imeharibu mazao ya watu. Mwanafunzi huyo hajasoma hadithi, amesoma orodha aliyoikariri.

Taashira ya hadithi fupi nzuri haimalizwi kwa jibu. Kofia inabaki kofia, inakinga kichwa, ina jasho ndani yake, na katikati ya ukofia wake huo ndimo maana inamokua. Kwa hiyo ninapolinganisha hadithi hizi sitazami ipi ina ishara nyingi. Natazama ipi inamlazimisha msomaji akishike kitu chenyewe mkononi kwanza.

Mdunguaji

Hii ndiyo fupi kuliko zote. Inasomwa kwa sauti na kumalizika na muda wa kuzungumza ukabaki. O'Flaherty alizaliwa 1896 Inishmore, mtu wa visiwani kama sisi, katika visiwa vya Aran magharibi ya Ayalandi, na alikwisha kupigana Vita vya Kwanza vya Dunia ndani ya jeshi la Uingereza kabla ya kuandika. Hadithi ilichapishwa Januari 1923. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ayalandi vilianza Juni 1922 vikaisha Mei 1923, maana yake wasomaji wake wa mwanzo waliisoma damu ikiwa bado inamwagika. Hilo waambie wanafunzi kabla hawajafungua ukurasa; linabadilisha namna wanavyousikia mwisho.

Kijana mmoja, uso mwembamba wa mwanafunzi, amelala juu ya paa la nyumba karibu na daraja la O'Connell mjini Dublin. Hana jina. Anawasha sigara, na mwanga wa kiberiti unamwonyesha kwa mdunguaji mwenzake aliye paa la mbele. Anajeruhiwa mkono. Anavika kofia yake kwenye mdomo wa bunduki na kuiinua. Adui anaipiga kofia akidhani amempiga mtu. Kisha kijana anampiga yule adui kwa bastola, adui anaanguka barabarani. Mwisho anashuka, anamgeuza maiti, na anautazama uso wa ndugu yake.

Cha kukaa nacho hapa ni kofia. Adui anapiga kofia, na sisi tunaona ujanja. Lakini mdunguaji wetu mwenyewe amefanya nini usiku kucha? Kapiga askari aliyechomoza kichwa kwenye gari la deraya, kapiga mwanamke mzee aliyeonyesha paa kwa kidole, kapiga kivuli cha paa la mbele. Kwake wote walikuwa kofia. Ni pale tu anapomgeuza maiti ndipo kofia inapopata uso. Wanafunzi wakifika hapo wenyewe, bila kusukumwa, kipindi kimefaulu.

Tatizo ni kwamba wengi hawafiki. Mwisho wa hadithi hii una nguvu mno, unameza vyote vilivyoutangulia. Mwanafunzi akishamwona ndugu, anafunga daftari: ndugu anaashiria vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli, na ni fumbo lililofumbuliwa, na sigara na daraja na kofia vimesahauliwa. Daraja hasa nasikitika likipotea, kwa sababu kazi yake ni kuunganisha pande mbili za mto Liffey, na hadithi nzima inapita hapo bila mtu mmoja kulivuka kwa amani.

Na kuna jambo jingine la kwetu. Visiwa hivi vina Januari yake ya 1964, na vina siasa za baadaye zilizogawa watu waliokuwa wakila sahani moja. Kila nyumba ina namna yake ya kuyazungumza au kutoyazungumza. Hadithi ya ndugu aliyempiga ndugu haiingii darasani Pemba kama inavyoingia kwingine. Sisemi tuiepuke. Nasema mwalimu asimlazimishe mtoto kutoa mfano wa kwao. Dublin inatosha, atakayetaka kuvuka atavuka mwenyewe.

Wageni wa Taifa

O'Connor alizaliwa Cork mwaka 1903, akaingia kwenye mapambano angali kijana mdogo, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikamatwa akawekwa kizuizini. Hadithi yake, iliyotoka 1931, inarudi nyuma kidogo, kwenye vita vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza, 1919 hadi 1921. Askari wawili wa Kiingereza, Belcher na Hawkins, wametekwa, na wanalindwa ndani ya nyumba ya bibi mmoja huko shamba. Walinzi wao ni vijana wawili, Noble na msimulizi tunayemjua kwa jina la Bonaparte. Jioni zinapita kwa karata. Hawkins anabishana na Noble juu ya Mungu na mabepari mpaka usiku. Walinzi wameanza kuongea kwa maneno ya wafungwa wao. Kisha inakuja amri: Waingereza wamewaua wapiganaji wa Kiayalandi, mmoja wao mvulana wa miaka 16, na hawa wawili lazima walipe. Wanapelekwa kinamasini usiku, wanapigwa risasi, wanazikwa.

Nenda pole pole na hadithi hii, kwa sababu ishara zake zimevaa nguo za kazi. Belcher, mtu mrefu asiyesema sana, tangu siku za mwanzo anamsaidia bibi: anapasua kuni, anabeba ndoo, anabeba mzigo wa mboji kavu ya kuwashia moto. Sisi tuna methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Belcher hakungoja kupewa, alilishika mwenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili mtu aliyefanya hivyo ameshatoka kwenye ugeni, ameshakuwa wa nyumbani, na kumwua ni kumwua mtu wa nyumba. Hakuna mwalimu anayehitaji kulieleza hili hapa Pemba. Nimeona wazee wa kikundi chetu wakifika ukurasa ule wa kazi za Belcher na kutikisa kichwa kabla hata amri haijafika.

Halafu tazama ile mboji. Kinamasi cha Ayalandi ndiko wanakochimba udongo wanaoukausha na kuutumia kama sisi tunavyotumia kuni. Moto wa bibi, ule ambao Belcher ananyooshea miguu mpaka kwenye majivu jioni ya kwanza ya hadithi, umetoka kinamasini. Na kaburi lake linachimbwa kinamasini. Udongo ule uliompasha moto ndio uliomfunika. Zaidi ya hayo, kinamasi cha aina hiyo hakiozeshi upesi kilichozikwa humo. Miili ya karne nyingi imefukuliwa huko ikiwa bado na ngozi na nywele. Bonaparte anamaliza hadithi akisema kuwa baada ya usiku ule hakuna jambo aliloliona tena kwa namna ileile, na msomaji anayejua tabia ya udongo ule anaelewa kwa nini.

Kuna leso pia. Belcher anataka kujifunga macho mwenyewe, leso yake haitoshi, anaomba ya Bonaparte, anaziunga kwa fundo. Leso ya mfungwa na leso ya mwuaji katika fundo moja. Mwandishi haweki hata neno moja la kutuambia tuitazame. Anasema tu leso ilikuwa ndogo. Mimi kwa haki naiona hiyo ndiyo taashira bora kuliko zote katika hadithi hizi tatu.

Na kuna bibi mwenyewe, anayeamini kuwa vita kuu vililetwa na mtu aliyeiba sanamu kwenye hekalu la Japani, na kwamba anayezichokoza nguvu zilizofichika hapati ila huzuni na ufukara. Ni rahisi kumwona kama kichekesho. Darasa la Pemba halicheki likifika hapo. Mwisho wa hadithi ni yeye anayepiga magoti mlangoni kuomba, na vijana wenye bunduki hawana la kumjibu.

Kama ni bora hivyo, kwa nini siichagui kwa skuli? Kwanza lugha. Kiingereza chake ni cha vijijini Ayalandi kikichanganyika na cha mtaani London, na mwanafunzi wa kidato cha tano hutumia nguvu zake zote kwenye maneno, hata leso ikampita. Pili, hadithi hii haimfundishi msomaji jinsi ya kuisoma. Inamtegemea aje na uzoefu, aje anajua uzito wa kula na mtu. Kijana wa miaka 17 mwerevu ataifurahia. Mtu wa miaka 50 itamkalia kifuani. Tunapokuwa barazani na watu waliowahi kupokea wageni, kuzika, kugombana na kupatana, Wageni wa Taifa haina mshindani.

Mizigo Waliyobeba

O'Brien alizaliwa 1946 jimbo la Minnesota, akaandikishwa jeshini kwa lazima 1968, na mwaka uliofuata alikuwa Vietnam. Hadithi hii ilitoka kwanza kwenye jarida la Esquire 1986, kisha ikafungua kitabu chenye jina hilohilo mwaka 1990. Ndiyo ndefu kuliko zote tatu na haina mtiririko wa kawaida. Inaorodhesha. Kila askari anatajwa kwa vitu alivyobeba, na vitu vinatajwa kwa uzito: kofia ya chuma ratili 5, redio ya mawasiliano ratili 26, bunduki kubwa ya rashasha ratili 23 kabla haijatiwa risasi. Henry Dobbins, mwili mkubwa, anabeba chakula cha ziada, mapichi ya kopo na keki. Kiowa anabeba Agano Jipya alilopewa na baba yake, na shoka ya kuwindia ya babu yake. Ted Lavender, mwoga, anabeba vidonge vya kutuliza moyo na bangi wakia 6 au 7. Luteni Jimmy Cross, kiongozi wao, ana barua za msichana anayeitwa Martha. Barua zina uzito wa wakia 10.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwanafunzi anayekimbilia jibu hawezi kukimbia ndani ya hadithi hii, kwa sababu kila kitu kimewekwa kwenye mizani kabla ya kupewa maana. Mwandishi anakutaka ujue kwanza mgongo unauma wapi. Ukishalijua hilo, anapoanza kutaja vitu visivyopimika, woga, aibu, kumbukumbu, humwoni amehama kutoka kwenye vitu na kuingia kwenye mawazo. Ni mzigo uleule umeongezeka. Lavender anapopigwa risasi nje ya kijiji cha Than Khe alikuwa na risasi 34 za bunduki yake ya kurushia mabomu, nyingi kuliko za wenzake, zaidi ya ratili 20. Alibeba nyingi kwa sababu aliogopa. Anaanguka chini ya uzito wote ule kwa kishindo kama cha mfuko wa saruji. Mwulize mwanafunzi risasi 34 zinaashiria nini, atasema woga. Mwulize tena ni kwa nini mwandishi ametaja ratili zake, na hapo utaona anarudi kwenye ukurasa kutafuta. Kule kurudi ndiko tunakokutafuta.

Chukua koti la mvua la jeshi. Limetajwa mwanzoni kama kifaa cha kawaida: karibu ratili 2, unalivaa mvuani, unalitandika chini, unaligeuza hema. Mistari michache baadaye tunaambiwa kuwa Lavender alipokufa walimzungushia koti lake, wakambeba nalo hadi kwenye helikopta. Darasa langu lote likasema sanda, na likasema sawa. Lakini sasa walikuwa wamelijua koti kama koti kabla halijawa sanda, na mmoja akauliza kama mwenziwe aliyebaki atajifunika nini mvua ikinyesha. Swali hilo kwangu lina thamani kuliko jibu la sanda.

Agano Jipya la Kiowa nalo ni hivyo. Wanafunzi huandika haraka kuwa linaashiria imani. Kisha wasomeshe usiku baada ya kifo cha Lavender. Kiowa amelaza shavu lake juu ya kitabu, anataka kumhuzunikia rafiki na huzuni haiji. Anachohisi ni harufu ya ngozi na wino na gundi, na raha ya kuwa hai. Kitabu kitakatifu, naye anakinusa. Imani haijaondoka hapo, lakini jibu la neno moja halitoshi tena, na mwanafunzi analiona mwenyewe.

Na sasa kijiwe. Martha anamtumia Jimmy Cross kijiwe cheupe chenye madoa ya rangi ya machungwa na zambarau, umbo la yai dogo. Anamwandikia kuwa amekiokota ufukweni New Jersey, pale hasa maji ya kujaa yanapogusa nchi kavu, mahali vitu vinapokutana na palepale vinapoachana. Mtoto aliyekulia Wete au Mkoani, anayejua bamvua na maji mafu, anayejua kuwa mstari ule wa maji haukai mahali pamoja hata saa moja, yuko karibu na kijiwe hiki kuliko msomaji wa Chicago. Luteni anakitia mdomoni akitembea, anakigeuza kwa ulimi, anaonja chumvi. Anawaza ni nani aliyekuwa na Martha ufukweni siku ile. Macho yake yako msituni na moyo wake uko pwani, na siku ile Lavender anapigwa kichwani. Cross anaamini kosa ni lake.

Msichana mmoja wa kikundi chetu aliuliza, "Mwalimu, huyo Martha mwenyewe kasema nini? Mbona hasemi kitu?" Ni kweli. Barua za Martha zinazungumzia masomo yake, haziligusi jambo la vita ila kumwambia ajitunze. Mwisho wa barua anaandika neno la mapenzi na jina lake, na Cross anajua moyoni kuwa ni desturi tu ya kumalizia barua, lakini kila usiku analisoma upya akitaka liseme zaidi. Hadithi hii inatuonyesha mtu anayesoma ishara vibaya. Anachukua kijiwe na neno la mwisho wa barua, anavifumbua kwa jibu alilolitaka tangu mwanzo, na anajenga juu yake mwanamke asiyekuwepo. Sijui hadithi nyingine fupi ya vita inayoweza kumweleza mwanafunzi wetu hatari ya kukimbilia jibu, tena bila mwalimu kufungua mdomo. Kwa sababu hiyo peke yake ningeichagua.

Asubuhi baada ya kifo, Cross anachoma barua na picha chini ya handaki lake. Darasa hudhani limefika: moto unaashiria kusahau, mwanzo mpya. Lakini Cross mwenyewe anakiri kuwa ni kitendo cha ishara tu, cha kijinga, kwa kuwa barua ziko kichwani mwake na lawama haiungui. Mwandishi ameweka ishara kubwa kisha akamruhusu mhusika aikatae.

Kasoro zake sizifichi. Ina matusi. Ina bangi. Ina askari mpole anayetembea na kidole gumba kilichokatwa kwenye maiti ya mvulana wa miaka 15 au 16, na kurasa zile zahitaji mwalimu aamue mapema atazisoma vipi na wanafunzi wa umri gani. Kubwa kuliko hayo, Wavietnam hawana jina ndani yake. Than Khe inachomwa moto baada ya kifo cha Lavender na hatumsikii hata mkazi mmoja. Uzito wa kofia ya Mmarekani tunaujua kwa ratili, na nyumba zilizoungua hazikupimwa. Mimi huliuliza hilo darasani waziwazi: mizigo ya watu wa Than Khe nani aliipima? Na hapo huwakumbusha vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopigwa Tanganyika, ambamo wapagazi wa Kiafrika kwa malaki walibeba vyakula na risasi za majeshi ya wengine, wakafa kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam bado ina jina la kikosi chao. Nao walibeba, na majina ya wengi wao hatunayo.

Zikiwekwa pamoja

Kwa muda, Mdunguaji inashinda bila ubishi. Kwa lugha pia, kwa sababu sentensi zake ni fupi na vitendo vinafuatana. Mizigo Waliyobeba ina majina ya silaha na vifaa vinavyochosha ukurasa wa kwanza na wa pili, lakini orodha husomeka, na mwanafunzi asiyejua neno moja anaona kuwa ni kitu chenye uzito wake na anaendelea. Wageni wa Taifa ndiyo ngumu.

Kwa kinachobaki moyoni, mpangilio unageuka. Ya O'Flaherty unaikumbuka kwa mwisho wake. Ya O'Brien kila mtu anaikumbuka kwa kitu chake, koti au kijiwe au kidole. Ya O'Connor unamkumbuka Belcher.

Kuna walimu wenzangu wanaosema tusome zote tatu mfululizo. Kwa kikundi cha watu wazima nakubali, kwa skuli sikubali. Baada ya hadithi mbili za maiti vijana huanza kuzoea, na mwanafunzi aliyezoea hasomi tena. Afadhali uchague moja na kutafuta mtu mzima wa kuja kuzungumza nao. Katika vijiji vyetu bado wapo wazee waliokwenda vita vya Kagera, 1978 na 1979, wakiwa na umri wa vijana hawa wa hadithini. Mzee wa namna hiyo usimwombe asimulie mapigano. Mwombe aseme alibeba nini ndani ya begi, na amwache mwanafunzi aulize mengine kwa adabu. Kwa walio Unguja kuna Chapwani, kisiwa kilicho mbele ya mji, walikozikwa mabaharia wa meli ya Kiingereza Pegasus iliyozamishwa na meli ya Kijerumani Königsberg hapo bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Kwa Mdunguaji au Wageni wa Taifa, safari fupi ya kwenda kuyaona makaburi yale inafaa kuliko picha yoyote ya darasani.

Ukichagua Mizigo Waliyobeba, kama ninavyoshauri, usianze na neno taashira kabisa. Leta mizani ya dukani darasani siku ya kwanza. Waache wapime mikoba yao, waandike kila kilichomo na uzito wake, kisha wachague kitu kimoja ambacho wangekibeba hata kama hakina kazi. Soma nao kwa siku mbili. Ukifika asubuhi ya kuchoma barua, simama kabla Cross hajaamua juu ya kijiwe. Ndani ya hadithi anafikiria mambo matatu: akimeze, akirushe kwa manati ya mwenzake, au akidondoshe tu njiani. Mwandishi hatuambii alifanya lipi. Waandike ukurasa mmoja wakichagua moja kati ya hayo matatu, na watetee uamuzi wao kwa maneno yaliyomo ndani ya hadithi, bila kutumia neno "inaashiria" hata mara moja.